Vyuma Vikuukuu: Je, Jasho Lake Lina Faida?



Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), wiki hii tuliangalie jambo waliulizalo akina mama wengi wa mitaa yetu. Kijana amekosa ajira, naye ataka kushika mkokoteni azunguke akizoa na kununua vyuma vikuukuu. Je, kazi hii ina faida, au ni kujichosha bure?

Ama aibu, haimo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu kwenda na kamba yake, akabeba kuni mgongoni na kuziuza, ni bora kwake kuliko kuwanyoshea watu mkono. Na kuondoa njiani kitu chenye kuudhi ni sadaka. Basi aokotaye bati lenye kutu penye kupita watoto ana thawabu kabla hajafika kwenye mzani.

Lakini halali peke yake haijazi chungu. Tupige hesabu, kwa mfano tu. Kijana amenunua majumbani kilo 40 za chuma kwa shilingi 15 kila kilo. Ametoa shilingi 600. Yadi imempa shilingi 30 kwa kilo, amepokea 1,200. Kodi ya mkokoteni 200, chakula na maji 150. Kilichobaki mkononi ni shilingi 250, kwa siku nzima ya jua. Na siku atakayopata kilo 20 tu, gharama zile zile zitamrudisha nyumbani na hasara ya shilingi 50. Bei hupanda na kushuka, lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo. Wengi huzihesabu zile 1,200 wakadhani wamechuma.

Faida ya kazi hii imo zaidi katika kuchambua kuliko katika kubeba. Kijana na awe na sumaku mfukoni. Chuma hunata, shaba na aluminiamu hazinati. Shaba nyekundu hupatikana ndani ya mota za feni na katika nyaya, shaba ya manjano katika mifereji mibovu, na aluminiamu katika sufuria na fremu za madirisha. Kilo moja ya shaba nyekundu huweza kupita bei ya kilo ya chuma zaidi ya mara kumi. Auzaye vyote kwa fungu moja amemzawadia mnunuzi jasho lake. Na aulize bei kwenye yadi mbili tatu kabla ya kuuza, apime mzigo wake kabla ya kupimiwa. Naye, anunuapo kwa mama mlangoni, asipunje. Suratul Mutaffifin imewaonya vikali wapunjao vipimo.

Sasa tuje kwenye asili ya mali, kwani hapa ndipo wengi huteleza. Kilichotupwa na mwenyewe jalalani ni halali kuokotwa. Mfuniko wa shimo la maji taka, waya wa umeme, kipande cha reli, hivyo ni mali ya umma, na akivinunua huku ajua vimeibwa ameshiriki wizi. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukosa umeme, serikali ilipiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu hadi Mei mwaka huo. Waadilifu nao walikosa riziki kwa dhambi ya wengine. Tangu mwaka 2015 kuna sheria mahususi ya biashara hii, nayo yamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Kijana auze kwa yadi yenye leseni, na aandike amenunua nini na kwa nani.

Asinunue kwa watoto. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mauzo ya mtoto asiyebaleghe hayasihi. Tena tunajua yatokeayo: mtoto huanza na msumari, kisha hukosekana sufuria jikoni, kisha yeye mwenyewe hukosekana chuoni.

Mwisho ni mwili, ambao ni amana. Kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu. Nyaya huchunwa kwa kisu. Betri za gari zina tindikali na risasi, zisivunjwe uani. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kutafuta mfano mbali: wakazi wa Owino Uhuru walidhuriwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fidia haiirudishi afya ya mtoto.

Shauri letu basi: mama na mwanawe wafungue daftari kwa siku thelathini. Kila jioni waandike kilichotoka na kilichoingia, pamoja na kodi, chakula na dawa ya kidonda. Kikibaki cha kuendesha nyumba, kutoka mali safi, kazi na iendelee, na atie akiba ya kununua mkokoteni wake mwenyewe. Kisipobaki, aiache bila haya atafute mlango mwengine. Riziki ya Allah haiko kwenye yadi moja.

Allah atujaalie chumo la halali lenye baraka. Wabillahi tawfiq.