Kabla ununue stendi ya feni, soma hii

Wasee, leo tubishane kidogo. Zile stendi za laptopu zenye feni na taa za buluu, mimi naona ni kutupa doo.

Laptopu yangu ni ya mtumba, Core i5-6300U. Ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga unga, hadi kwa klasi ya mtandaoni lazima ningezima maiki. Fundi mmoja akaniambia, "Nunua ingine tu." Na nani? Hii yenyewe mamangu aliitoa kwa pesa za chama.

Nikaamua kupunguza joto pale linapotoka. Kwa Windows, ingia Power Options, tafuta "Maximum processor state", toa 100% uweke 99%. Prosesa yangu sasa inatulia kwa 2.4GHz badala ya kuruka hadi 3.0GHz. Kuandika asaimenti ama kutazama video, tofauti hata siioni. Pia niliacha kuiweka juu ya blanketi, maana inaziba matundu ya hewa.

Siku hizi feni ya ndani inanyamaza muda mrefu. Lakini usiing'oe! Bila hiyo, prosesa ikichemka inajipunguza kasi, na ikizidi, mashine inajizima. Na kama una-edit video ndefu, rudisha 100%, vumilia kelele kidogo.

Mtu akikuambia mashine yako imeisha, jaribu kwanza hii ya bure. Mamangu bado analipa ule mkopo wa chama.

Wewe yako inavuma aje?