Uraia Hauna Nusu

Wapo wasemao kwamba Mtanzania aliyechukua pasipoti ya nchi nyingine ameikana nchi yake. Mimi, mkazi wa Hanang, nayapinga maneno hayo, maana huku twajua uchungu wa kudaiwa uthibitisho wa uenyeji. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika la NAFCO kwa ardhi iliyotwaliwa kuwa mashamba ya ngano. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, sababu mojawapo ikiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kisheria. Wenyeji wa wapi, basi, kama si hapo?

Leo deni hilohilo wanadaiwa walio ughaibuni. Sheria ya Uraia ya 1995 humtaka mtu mzima achague nchi moja. Kijana wa Dongobesh akichukua uraia wa Uingereza, wa kwao umekwisha. Na yule aliyeutunza uraia wetu peke yake huko aliko, naye hapigi kura, kwa kuwa vituo viko nchini tu. Wakenya waliruhusu uraia pacha katika Katiba ya 2010. Mwaka 2013 wakapiga kura wakiwa nje, hata hapa Dar es Salaam. Kenya haikuuzwa.

Tunaambiwa hadhi maalumu yatosha. Haitoshi! Hadhi humfungulia mtu mlango wa kuingia na kuwekeza. Sanduku la kura hubaki limefungwa. Fedha zake twazipokea, sauti yake twaikataa. Anayeiogopa kura ya aliye mbali na ashindane naye kwa hoja.