Nilifuata Kazi Namugongo, Nikakutana na Mzee wa Malengelenge

Leo tuache kidogo mambo ya mapenzi na disko. Nina langu moja limenikaa rohoni.

Mwaka jana mwezi Juni nilikwenda hija Namugongo, Uganda. Msicheke jamani! Maisha yalikuwa yamenipiga. Kazi hakuna, mfuko mkavu, halafu mimi na mzee wangu tulikuwa hatusemeshani mwaka wa tatu. Kisa? Nilichukua cherehani yake kimyakimya, nikaiweka rehani nipate mtaji wa mitumba. Mtaji ukayeyuka, cherehani ikaenda. Na mzee ni fundi, riziki yake ndiyo hiyo. Akaniambia nisikanyage kwake. Na mimi kwa kiburi changu, kweli sikukanyaga.

Nauli alitoa mama. "Nenda na wenzako wa jumuiya, ukatuombee." Mimi moyoni nilikuwa na ombi moja tu: kazi.

Basi bwana, tukatoka Dar mpaka mpakani Mutukula, tunafika Kampala miguu imevimba kama maandazi. Tarehe 2 jioni tuko Namugongo. Watu, acha! Kanisa lenyewe limejengwa kwa mfano wa msonge, lina nguzo 22, hesabu ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu Roma mwaka 1964. Waanglikana nao wana mashahidi wao na mahali pao hapo hapo Namugongo. Juni 3, 1886, kundi la vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walichomwa moto pale kwa kukataa kuacha dini. Wengi wao umri wa masela wa kijiweni kwetu.

Usiku nikapotezana na wenzangu. Nikajikalia pembeni, nimenuna. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja anahangaika kuvua kiatu, kimegandia.

"Shikamoo mzee. Nikusaidie?"

Akashukuru kwa Kiswahili safi. Kumbe ujanani alifanya kazi Kisumu. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Fort Portal, kama kilometa 300. Nikavuta kiatu taratibu. Nyayo zote malengelenge. Nikachukua maji yangu ya kunywa, nikamwosha.

Nikamuuliza, "Mzee, unamwomba shahidi yupi?"

Akasema, "Mbaga Tuzinde. Lakini mimi namfikiria zaidi baba yake."

Akanipa kisa. Mbaga alilelewa kama mtoto na Mukajanga, na Mukajanga ndiye alikuwa mkuu wa wauaji wa Kabaka! Alimbembeleza kijana akane, au akubali kufichwa. Kijana akagoma. Mwishowe Mukajanga akaamuru apigwe shingoni kwanza, afe kabla ya moto, asisikie maumivu.

"Huo ndio wema pekee aliobakiwa nao," mzee akasema. "Mimi mwanangu nilimfukuza. Sikumpiga, nilimfukuza tu. Natembea nikimtafuta kwenye nyuso za vijana."

Nikakaa kimya. Sikumwambia yangu. Alfajiri naamka, mzee hayupo, kaenda kutafuta nafasi kwenye misa. Jina lake sikuuliza hata.

Kwenye misa ile ombi la kazi lilinitoka kabisa kichwani. Nilikuwa nawaza: yule wa zamani alibakiwa na rungu, huyu wa jana kabakiwa na malengelenge, na baba yangu yuko Ilala, simu anayo!

Tulipovuka mpaka nikapiga. Mkono unatetemeka.

"Shikamoo baba."

Kimya. Nikadhani kakata.

"Marahaba. Na cherehani yangu?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. "Nitalipa, baba."

"Lipa kidogo kidogo. Mama yako anasema unarudi Jumapili. Pitia hapa."

Wasomaji wangu, mimi si padri wala shehe. Wapo watakaosema ni bahati tu kukaa karibu na mzee yule. Sawa. Mimi naamini nilikalishwa. Uwe unakwenda Makka, uwe unakwenda Namugongo, ombi lako libebe, lakini mtazame na aliyekaa jirani yako. Huenda jibu lako limegandia kwenye kiatu chake.

Kazi ya maana bado sijapata. Cherehani nimelipa nusu.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na wewe uliyenuniana na mshua wako, simu unayo!