Mjerumani Ana Jina, Mrukaji Hana

Iko picha iliyopigwa Rwanda mwaka 1907, enzi za Mwami Yuhi Musinga, wakati Rwanda, Burundi na Vuga yetu hii ya milimani zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Ufito umewekwa juu. Chini yake wamesimama Wazungu wawili na kofia zao, wametulia kama watu wanaosubiri chai. Juu ya vichwa vyao anapita kijana, magoti kayakunja, kiwiliwili kimenyooka. Hakuna godoro la kumpokea upande wa pili. Atatua kwa miguu yake mwenyewe juu ya ardhi ngumu.

Mmoja wa wale waliosimama ni Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mtoto wa ukoo wa kitawala wa Ujerumani. Habari zake zote tunazo. Aliongoza msafara wa mwaka 1907 hadi 1908, akaandika kitabu, akawa gavana wa mwisho wa Kijerumani kule Togo, akaingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na kuanzia 1949 hadi 1951 akawa rais wa kamati ya Olimpiki ya Ujerumani. Kazi yake siku ile ilikuwa kusimama tu. Aliyeruka anaitwa nani? Kaandikwa Mtutsi, basi. Kabila likaandikwa mahali pa jina, na picha ikasafiri dunia nzima hivyo hivyo.

Mecklenburg alidai warukaji wale walifika mita 2.50. Hapo nitamkatalia mchana kweupe. Rekodi ya dunia ya leo, ya Javier Sotomayor wa Cuba, ni mita 2.45, na vijana wa Musinga walikuwa wakijirusha kutoka kwenye kijichuguu au jiwe, si uwanja sawa. Ondoa chumvi hiyo yote, bado unabaki na kitu cha kutisha: mwaka ule hakuna mtu duniani aliyekuwa ameandikiwa kuruka mita 2. Mmarekani Michael Sweeney alikuwa ameshikilia rekodi ya mita 1.97 tangu 1895, na mita 2 zenyewe zilikuja kufikiwa na George Horine mwaka 1912. Sweeney tunamjua. Horine tunamjua, na mtindo wake wa kuruka tunaujua.

Na kilichonikera zaidi ni maelezo waliyoyatoa. Vijana wale walikuwa intore, waliochaguliwa wadogo, wakalelewa kwenye makao ya mwami, wakafundishwa kucheza, kurusha mkuki na kuruka mpaka mwili ukakubali. Hayo ni mazoezi. Hiyo ni kambi, kama kambi yoyote ya riadha unayoijua wewe. Lakini Mzungu hakuandika mazoezi, aliandika damu. Akasema wanaruka kwa sababu ya mbari yao, watu warefu waliotoka mbali, bora kuliko majirani zao. Jasho la kijana likageuzwa ushahidi wa ubaguzi, na ubaguzi huo tunajua wote ulikuja kuifikisha wapi Rwanda. Mtu mwenye jina, mama na mwalimu ni vigumu kumfanya sampuli. Asiye na jina humfanya upendavyo.

Msinijibu kwamba zama zile ndivyo zilivyokuwa. Mwaka 1904, kwenye Olimpiki ya St. Louis, Waafrika wawili walikimbia marathoni: Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana wa Afrika Kusini waliokuwa wamepelekwa Marekani kuigiza Vita vya Makaburu kwenye maonyesho. Vumbi, joto, maji ya kubahatisha. Mshindi, Thomas Hicks, alinyweshwa brandi na sumu ya strikinini njiani ili asianguke. Fred Lorz alipanda gari kipande cha safari kisha akaingia uwanjani akishangiliwa. Taunyane alifukuzwa na mbwa akatoka njiani, na bado akamaliza wa 9. Mashiani akawa wa 12. Majina yao yaliandikwa ovyo, wakaitwa Wazulu miaka nenda rudi. Lakini kwa kuwa kulikuwa na karatasi, hata mbovu, watafiti waliweza kuifuata na kuwarudishia majina. Wa Rwanda hana hata karatasi mbovu.

Sasa tuje nyumbani, maana hasira yangu yote sikuitunzia Ujerumani.

Miaka hiyohiyo ya picha, wilaya hii ikiitwa Wilhelmstal, Wasambaa walipewa kadi za kuwalazimisha kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi 4. Serikali ilijua kuhesabu miguu ya Msambaa pale ilipotaka kahawa. Mkimbiaji wetu wa wakati huo, yule aliyepeleka habari za zumbe, mtawala wetu, kutoka Vuga kushuka Mombo na kupandisha tena kabla jua halijazama, hakuhesabiwa na yeyote. Wala tusiseme wino haukuwepo. Mmisionari Krapf alifika Vuga 1848 na 1852 akaandika. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi, ukoo mzima wa watawala wetu tangu mwanzilishi wao Mbegha. Misheni ilikuja kuwa na mitambo ya kuchapa vitabu hapahapa Vuga. Watawala na watu wa dini wakaandikwa. Wenye miguu wakasahauliwa, na waliowasahau si Wajerumani peke yao.

Ndiyo maana ukimwuliza Mtanzania riadha yetu ilianza lini, anakutajia John Stephen Akhwari na goti lake la Mexico 1968, halafu Filbert Bayi wa Christchurch, 1974, dakika 3 sekunde 32.2. Kabla ya hapo kimya, utadhani watu walikuwa wanatambaa. Hawa wawili wana heshima yangu yote. Lakini walipatikana kwa sababu saa ya kigeni ilikuwa inawasubiri kwenye utepe. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu aliupata ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya zaidi ya kilomita 42, na mitambo iliiona tofauti hiyo. Je, sisi wenyewe tunaona nini?

Afisa michezo, nakuomba ufungue kabati. Nitolee orodha ya watoto walioshinda mita 1,500 kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata, miaka 10 tu iliyopita: jina la mtoto, la mzazi, kijiji, muda. Usinipe picha ya mgeni rasmi akikabidhi kikombe, hizo ninazo za kutosha, na mgeni rasmi huwa ametajwa kwa cheo chake chote huku mtoto akiitwa "mwanafunzi". Hiyo ni picha ya Mecklenburg ileile, tofauti ni suti. Na usiniambie bajeti. Daftari la kaunta linauzwa Soni, na saa ya kupimia muda imo ndani ya simu uliyoishika mkononi.