Kimeng'enya kifundishwe kwa jina na namba yake

Mjamzito anayehudhuria kliniki Musoma, Bunda au Butiama hupewa vidonge vitatu vya SP vya kumkinga na malaria na kuvimeza papo hapo, mbele ya mhudumu. Moja ya dawa mbili zilizomo ni sulfadoxine. Kazi yake ni kukizuia kimeng'enya ambacho kimelea cha malaria hukitegemea kujitengenezea foleti. Kimeng'enya hicho ni kimoja, lakini katika maandishi ya kisayansi kina majina mawili: dihidropteroeti sinthasi na dihidropteroeti sinthetasi.

Majina hayo yanatofautiana kwa silabi moja tu, na silabi hiyo inapotosha.

Kwa kanuni za kimataifa za majina ya kibayokemia, sinthetasi ni jina jingine la ligasi. Ligasi huunganisha molekuli mbili huku zikivunja ATP, au molekuli ya jamii yake, ili kupata nguvu ya kuunganishia. Kimeng'enya kinachopigwa na sulfadoxine hakivunji ATP. Huchukua sehemu ya molekuli moja na kuipachika kwenye nyingine, kwa hiyo kimo katika kundi la transferasi, na namba yake katika orodha ya kimataifa ya vimeng'enya ni EC 2.5.1.15. Mwalimu anayekiita sinthetasi anamfundisha mwanafunzi jambo lisilo kweli bila yeye mwenyewe kujua.

Kwa Tanzania hili ni jambo la kufuatilia. SP ilichukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya kutibu malaria, kisha mwishoni mwa 2006 ikaipisha dawa mseto, kwa sababu vimelea vilikuwa vimejenga usugu. Sehemu ya usugu huo inatokana na mabadiliko katika jeni ya kimeng'enya hikihiki. Kijana wa chuo anayetaka kusoma tafiti zote za suala hilo akitafuta kwa jina moja tu, atakosa zilizoandikwa kwa jina la pili. Akitafuta kwa namba, hapotei kirahisi.

Utaratibu wa namba ulizaliwa kutokana na vurugu kama hiyo. Zamani kila mgunduzi alikiita kimeng'enya chake alivyopenda. Kimoja kiliitwa Zwischenferment, jina la Kijerumani lisiloeleza kazi yake. Leo ni glukosi-6-fosfati dihidrojenasi, EC 1.1.1.49, na mtu mwenye upungufu wake anaweza kuharibikiwa chembe nyekundu za damu akipewa dawa ya malaria ya primaquine. Tume ya Vimeng'enya (kwa Kiingereza Enzyme Commission, ndiyo EC ya namba hizo), chini ya uenyekiti wa Malcolm Dixon wa Uingereza, ilianza kazi mwaka 1956 na kutoa ripoti mwaka 1961. Iligawa vimeng'enya katika makundi sita kwa kufuata kazi vinayofanya, na ligasi zikawa kundi la 6. Kundi la 7, la translokasi, liliongezwa mwaka 2018, kwa hiyo kitabu chochote kilichochapwa kabla ya hapo hakina kundi hilo.

Tarakimu ya kwanza ya namba hutaja kundi. Ndani ya kundi la 6, tarakimu ya pili hutaja kifungo kinachojengwa. 6.1 ni kaboni na oksijeni, 6.2 kaboni na salfa, 6.3 kaboni na nitrojeni, 6.4 kaboni kwa kaboni, 6.5 ni vifungo vya esta ya fosfati, na 6.6 ni nitrojeni na metali. Ligasi ya DNA, iliyogunduliwa mwaka 1967, imo katika 6.5. Ya binadamu hutumia ATP na namba yake ni 6.5.1.1. Bakteria, akiwemo wa kifua kikuu, wanayo inayotumia NAD, namba 6.5.1.2. Tofauti hiyo, inayoonekana katika tarakimu ya mwisho, ndiyo iliyowavutia watafiti wa dawa, kwani ligasi ya bakteria ikizuiwa, ya mgonjwa inaweza kusalimika.

Majina peke yake hayawezi kubeba mzigo huo. Piruveti kaboksilasi hutumia ATP na ni ligasi, 6.4.1.1. Rubisco, inayonasa kaboni dioksidi katika majani ya mihogo na mahindi ya Bunda, nayo huitwa kaboksilasi, lakini ni liasi, 4.1.1.39. Hata neno ligasi lenyewe halitoshi: ligasi za yubikwitini zilitolewa kundi la 6 mwaka 2015 na kupelekwa kwa transferasi, lakini jina zimebaki nalo. Ni kama mitumbwi katika mwalo wa Mwigobero, Musoma: majina mawili yakifanana, ofisa wa uvuvi husoma namba ya usajili.

Wapo watakaosema namba nazo hubadilika. Ni kweli, ATP sinthasi ilihamishwa kutoka 3.6.3.14 kwenda 7.1.2.2. Ila namba iliyoachwa haipewi kimeng'enya kingine, na orodha rasmi huonyesha ilikohamia. Majina hayana mlinzi kama huyo.

Namba ina faida nyingine kwa mwanafunzi wa Kitanzania, ambaye huanza sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi kisha huvuka kwenda Kiingereza sekondari. Maneno yote humbadilikia, lakini 6.5.1.1 husomeka vilevile katika lugha zote mbili.

Kwa hiyo Taasisi ya Elimu Tanzania na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) waweke namba ya EC kando ya kila kimeng'enya kinachotajwa katika vitabu na kamusi. Chuo cha kilimo na teknolojia cha Butiama, kinachobeba jina la Mwalimu Nyerere, kinaweza kuanza sasa katika mihadhara yake. Na walimu wa biolojia na kemia wa kidato cha tano na cha sita, wanapoandika sinthetasi ubaoni, waulize kwanza swali moja: je, ATP imevunjwa?