Sanaa isiwe somo la wenye pesa za bweni

Ukishuka matatu Kebirigo, kabla hujanunua hata njugu, angalia kuta. Duka la dawa za mifugo lina ng'ombe mwenye kiwele kinachokaribia kugusa ardhi. Kinyozi amechorewa vichwa vinne, kila kimoja na staili ambayo hujawahi kuiona kwa binadamu. Hoteli imetangaza chai, mandazi na ugali matumbo, ila neno la mwisho limebanwa kwa sababu nafasi ilimwishia fundi. Cheka tu, hakuna ubaya. Halafu jiulize huyu fundi alifundishwa wapi.

Mara nyingi jibu ni: hakufundishwa popote. Alianza na mkaa kwenye ukuta wa jikoni kwa nyanya yake, akachapwa, akaendelea. Akifika shule ya upili, Sanaa na Ubunifu ilikuwa jina tu kwenye orodha ya masomo ya KCSE. Lilikuwa na karatasi ya nadharia, ya vitendo na mradi wa kutengeneza kitu kwa mikono yako. Ila shule nyingi za kawaida hazikuwa nalo. Ulilipata kwenye shule kubwa zenye majina, huku wengine tukichagua kati ya Kilimo na Biashara. Hata shule ya msingi hali ilikuwa hiyo. Sanaa ilikuwa kwenye mtihani wa KCPE tangu 8-4-4 ianze 1985, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatolewa. Na unajua shule zetu: kisichotahiniwa, kipindi chake kinamezwa na hesabu.

Sasa tumeambiwa mambo yamebadilika. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa CBC waliingia Gredi ya 10, na huko kuna mikondo mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Sanaa sasa ina mlango wake. Safi kabisa.

Lakini soma yale maandishi madogo. Si kila shule ina mikondo yote. Zile zenye mikondo miwili zina STEM na Sayansi za Jamii. Sanaa na Michezo inapatikana kwa zile zenye mikondo mitatu, na hizo kwa kawaida ni shule kubwa zenye mabweni. Shule ndogo ya kutwa, ile unayoendea kwa miguu ukipita kwenye majani chai, ndiyo iliyo rahisi kukosa. Serikali yenyewe ililenga asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo. Hiyo 15 wanagawana wachoraji, wanamuziki, waigizaji na wachezaji mpira. Hesabu mwenyewe anayebaki na penseli.

Hapa ndipo pesa inapoingia. Shule ya kutwa serikali imeipangia Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na hata kama hazifiki zote kwa wakati, mzazi anahangaika zaidi na chakula cha mchana na sare. Bweni ni makumi ya maelfu mengine, pamoja na godoro, sanduku na nauli. Mkulima wa Nyamira anasubiri bonasi ya chai ndiyo apange mambo ya karo. Ukimwambia mtoto anahitaji bweni ili akasome kuchora, atakujibu nini? Atakuuliza kama utakula michoro. Na mimi simlaumu, kwa sababu amepiga hesabu na hesabu imekataa. Kwa hivyo dogo anaenda kutwa, anachukua mkondo uliopo, na kwenye ripoti za wizara itaandikwa kwamba alichagua.

Hapo sikubaliani. Kupewa kilichobaki sahani ikifika kwako si kuchagua.

Kisingizio utakachosikia ni vifaa. Eti rangi ni ghali, turubai ni ghali, tanuru la kuchomea vyungu ni ghali. Gusii nzima kweli ya kuambiwa haina vifaa vya sanaa? Hapo kaunti jirani ya Kisii kuna Tabaka, ambako jiwe la sabuni linachimbwa na kuchongwa kwa panga, visu na tupa, likasuguliwa kwa msasa na maji hadi liteleze kama sabuni yenyewe. Mchongaji Elkana Ong'esa ni wa huko, na ndege wake wa jiwe yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Udongo wa mfinyanzi upo. Maganda ya migomba yanaoza shambani. Nyanya zetu wamesuka ekee, kile kikapu cha ugali wa wimbi, bila kuona duka la vifaa vya sanaa maisha yao yote. Kinachokosekana ni mwalimu.

Na mwalimu ana kazi kubwa kuliko kuonyesha watoto jinsi ya kushika brashi. Tembea kwenye vibanda vya wachongaji uone: twiga, kiboko, sahani, seti ya chesi, halafu kibanda kinachofuata ni twiga, kiboko, sahani, seti ya chesi. Mikono ni hodari kupindukia. Lakini mara nyingi umbo limeletwa na mnunuzi, na anayeleta umbo ndiye anayepanga bei. Hapo ndipo neno ubunifu kwenye jina la somo linapopata maana: kuchora wazo kabla hujagusa jiwe, kupima, kulijaribu kwa udongo, kumfikiria atakayelitumia, kulifungasha lisivunjike njiani. Mtu aliyefundishwa hayo hasubiri kuletewa picha ya twiga.

Mimi niliacha chuo, na pesa yangu ya kwanza ya maana ilitokana na kijitabu cha mazishi nilichokipanga kwenye simu. (Usishtuke, mazishi huku ni soko kubwa la dizaini kuliko harusi.) Mambo ya nafasi, ukubwa wa herufi na rangi zinazopigana yalinichukua miaka miwili ya kubahatisha. Mwalimu angenieleza kwa muhula mmoja.

Tusidanganyane pia kwamba Sekondari Msingi imeshalitatua. Kule kuna somo moja, Sanaa Bunifu na Michezo, na mwalimu mmoja anatarajiwa afundishe kuchora, kuimba na kuruka viunzi. Matokeo unayajua: karatasi ya manila inanunuliwa usiku, mama anakata, kaka anapaka rangi, mtoto analala, kesho anapata alama.

Wacha niseme ninachotaka kuona. Shule tatu au nne za kutwa zilizo karibu zipewe na TSC mwalimu mmoja wa sanaa, azunguke. Jumatatu huku, Jumatano kule. Shule ya kutwa iruhusiwe kufungua Sanaa Nzuri peke yake, bila kulazimishwa kuwa na studio ya muziki na uwanja wa kimataifa kwanza. Kaunti haiajiri walimu wa sekondari, sawa, lakini vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini yake, na vina meza, misumeno na cherehani. Vifunguliwe kwa wanafunzi wa shule jirani mara moja kwa wiki. Na yule fundi aliyembana matumbo kwenye ukuta wa hoteli alipwe aje aonyeshe watoto jinsi ya kupanda ngazi na kuandika herufi kubwa mara mbili ya kimo chako bila kutetereka. Hilo hata mwenye digrii huenda halijui. Mwalimu naye amfundishe kupima nafasi kabla ya kuanza kupaka.

Kama una dogo Gredi ya 9 anayejaza vitabu vya hesabu kwa michoro ya nganya, usingoje siku ya kuchagua shule. Nenda wiki hii kwa mwalimu mkuu wa shule ya kutwa iliyo karibu nanyi, umuulize mambo mawili: mnatoa mikondo mingapi, na mmeandikia wizara lini kuomba wa tatu? Ukiambiwa bado, uliza tena kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya watu.