Fundi wa Mishumaa na Wanawe

Hebu fikiri, msomaji mpendwa: umeketi mezani na watoto kumi na watatu, wote wanataka kula. Mmoja ana kichwa chepesi sana darasani, lakini karo huna. Ungefanyaje?

Jambo hilo lilimpata fundi mmoja wa Boston, Marekani, karibu miaka mia tatu iliyopita. Jina lake Josiah Franklin. Kwao Uingereza alikuwa mtia rangi wa vitambaa. Mwaka wa 1683 alivuka bahari pamoja na mkewe Anne na watoto watatu, akakuta Boston ni mji mdogo wa bandari ambako kazi yake haina wateja. Basi akageukia mishumaa na sabuni. Anne alipofariki alimwoa Abiah Folger, na kwa wake hao wawili akapata watoto kumi na saba.

Usidhani kazi yenyewe ilikuwa safi. Shahamu ya ng'ombe na kondoo huchemshwa hadi ikayeyuka, na uvundo wake hauna adabu. Hukufuata hadi kitandani. Sabuni nayo ilipikwa kwa mafuta na maji makali yaliyochujwa kutoka kwenye majivu. Kazi na malezi vilibanana mahali pamoja. Mwaka wa 1703 mwana wao Ebenezer, mtoto wa miezi 16, alitumbukia katika pipa la maji ya sabuni akafa. Mzazi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwenye kichwa chepesi alikuwa Benjamin, aliyezaliwa mwaka wa 1706. Baba alitaka awe kasisi, akampeleka shule akiwa na miaka minane. Kijana akawapita wenzake haraka. Lakini kabla mwaka haujaisha mzee alipiga hesabu zake: chuo kina gharama, nyumbani kumejaa, na hata wasomi wengi aliowaona walikuwa wakiishi kwa shida. Akamhamishia shule ya kuandika na hesabu (na hesabu zilimshinda mtoto!), kisha akiwa na miaka kumi akamtoa kabisa. Kazi yake ikawa kukata tambi, kujaza kalibu za mishumaa na kutumwa huku na huku.

Benjamin aliichukia kazi ile. Alitaka kwenda baharini, na jambo hilo lilimtia baba hofu kwa kuwa mwana mwingine, Josiah mdogo, alikuwa amekwisha kutorokea huko. Hapa ndipo ninapompendea mzee huyu. Hakumchapa kijana, alitembea naye mjini, wakawatazama maseremala, waashi, wakereza na wafua shaba wakiwa kazini, huku akimchungulia aone jicho lake linavutwa na nini. Akamjaribisha kwa binamu yake, mfua visu. Binamu akadai ada, mzee akakasirika, akamrudisha mtoto nyumbani. Naam, ndugu kwa ndugu, bado pesa!

Mwishowe, mwaka wa 1718, kwa vile kijana alipenda vitabu, akatiwa saini kuwa mwanagenzi wa kakaye James, mpiga chapa, hadi atimize miaka 21. James alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Mwaka wa 1723 Benjamin alitoroka, akaishia Philadelphia akiwa na miaka 17. Huyu ndiye Franklin yule wa umeme na wa Azimio la Uhuru la mwaka wa 1776.

Lakini katika nyumba hiyo alikuwamo pia Jane, kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka wa 1712. Shule za mji hazikuwapokea wasichana. Aliolewa akiwa na miaka 15 na mtengeneza matandiko ya farasi aliyeandamwa na madeni, akazaa watoto kumi na wawili, akawazika kumi na mmoja. Kuandika aliandika, kwa tahajia yake mwenyewe, na kakaye alimwandikia yeye barua nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Ujuzi wa sabuni ya baba yao ulibaki mikononi mwake, na hata uzeeni alikuwa bado akiipika na kumpelekea Benjamin vipande.